Maombi Yaliyotoka Ukutani

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali inuka ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu, hata mume wako, hata akikuuliza kwa upole ule wake. Usiiweke ndani ya Biblia, kwa sababu huko ndiko kila mtu hutafuta barua. Isome, kisha ichome. Neno lolote la humu likitoka nje, mimi sina kazi, na pengine sina pa kuuweka uso.

Basi, habari za huko? Wasichana wako wa bwenini wanakusikia, au bado wanapiga kelele taa zikizimwa? Huku nyumbani wote wazima. Mwisho wa mwezi nilikwenda kuwaona. Goti la Baba limepungua uvimbe, anasema ni kwa sababu ameacha kupanda ngazi mbio mbio. Mama anasema hakuacha, amechoka tu. Mdogo wangu amefaulu hesabu, na sasa anatembea ndani ya nyumba kama mkaguzi.

Sasa jambo lenyewe. Nina tabia mbaya, Shangazi, na siwezi kuiacha.

Unajua zahanati yetu ilikuwa nyumba ya mtu. Iliyokuwa sebule ndiyo mapokezi, na hapo ndipo ninapokaa kuandika kadi za wagonjwa. Chumba cha ushauri kilikatwa kutoka sebule hiyo hiyo kwa ukuta wa mbao nyembamba. Chini kidogo ya dirisha kuna tundu la ukubwa wa kidole gumba, palipopitishwa waya wa taa. Watu huingia mle kumweleza mshauri mambo ambayo hawajamweleza mtu yeyote. Mwanzoni niliyasikia kwa sababu nina masikio. Siku hizi nayasikia kwa sababu nimesogeza kiti.

Naweza kuandika kadi kwa mkono mmoja huku nimeegemeza kichwa ukutani kama mtu aliyechoka. Nawajua watu wa mtaa huu kuliko wanavyojijua. Kuna fundi viatu mmoja alimdanganya mkewe kwamba daktari amemkataza kazi zote za nyumbani, hata kuinua ndoo. Mke akamleta kwa mshauri aulize kama na kula pia amekatazwa. Nilicheka hadi ikabidi nijifanye nakohoa.

Simwambii mtu. Hilo naweza kuapa. Lakini Jumapili naomba toba kwa machozi, na Jumatatu kabla ya saa nne kichwa kimerudi ukutani. Naogopa. Mtu akigundua nimekwisha, na Mungu amekwisha kugundua.

Kanisani naendelea vizuri. Wameanza kuniita Mtumishi. Hayo tutazungumza siku nyingine.

Niombee.

Mwanao, karani

---

19 Februari

Mwana wa kaka yangu,

Mlango nimeufunga. Mume wangu aliuliza kwa upole ule ule nikamwambia ni mambo ya wanawake, akakimbia.

Hatujambo. Paa la bweni linavuja juu ya vitanda viwili, na wasichana wote themanini wanataka kulala pale pale ili wapate sababu ya kutokwenda darasani. Mzee wangu amenunua miwani mipya, sasa anaona vumbi ambalo miaka yote halikuwapo. Mwambie baba yako kwamba mimi ni dada yake, goti lake nalijua tangu lilipokuwa la mtoto, na aache ubishi.

Sasa wewe, baba. Umeniandikia ukurasa mzima wa kuogopa na nusu mstari wa kufanya. Hutaki kusikiliza? Sogeza meza. Peleka kwenye dirisha la upande wa pili, kaa mgongo wako ukiuelekea ukuta wa matofali. Kabla ya kukaa, simama na useme: Bwana, leo masikio yangu ni yako, nirudishie jioni. Halafu chukua karatasi na gundi uzibe lile tundu. Usimwombe Mungu akuzibie tundu ambalo wewe mwenyewe unalichunga lisizibwe. Neema yake ipo, wala haijapungua, ila haitakuja kukusogezea kiti. Nitakuwa napiga magoti kwa ajili yako kila siku kengele ya darasani ikilia, nawe piga ya kwako. Tabia hii itaondoka. Nimeona kubwa zaidi zikiondoka.

Lakini niambie kitu. Kwa nini wanakuita Mtumishi? Kijana wa miaka ishirini na tatu, hujui hata kuanzisha wimbo bila kukohoa. Barua yako ilipofika hapo iliruka kama paka aliyemwagiwa maji. Nijibu.

Na yule fundi viatu, mkewe aligundua? Nauliza tu.

Shangazi yako

---

2 Aprili

Shangazi,

Nisamehe kwa kimya. Hatuumwi. Mama anakusalimu, anasema ile blauzi uliyomtumia imemkaa kama aliyepimwa. Baba amekubali kutumia fimbo, lakini ndani ya nyumba tu, ambako hakuna wa kumwona.

Meza niliisogeza siku ile ile barua yako ilipofika. Nilikaa kwenye dirisha la pili kwa juma moja na sikusikia kitu. Ukaja mwanga mkali wa asubuhi, nikajiambia unaniumiza macho, nikairudisha. Macho yangu hayana ubaya wowote. Tundu sikuliziba. Fundi viatu mkewe alimkuta uwanjani anacheza mpira, tena mshambuliaji.

Umeniuliza kwa nini wananiita Mtumishi. Nimekaa na swali hilo majuma sita. Nakujibu sasa kwa sababu limetokea jambo na sipati usingizi.

Kikundi chetu cha maombi hukutana Jumatano baada ya kazi. Mwaka jana alikuja mama mmoja ambaye asubuhi yake nilikuwa nimemsikia kupitia ukutani. Alikuwa na mzigo mzito moyoni kwa sababu ya neno alilomtamkia mwanawe kabla hajasafiri. Nilimhurumia kweli, Shangazi. Zamu yangu ya kuomba ilipofika nikasema, "Bwana, yuko mama hapa anayejilaumu kwa neno moja. Mwambie umemsamehe." Yule mama alilia kwa sauti. Watu wakashangaa: nani amemwambia huyu kijana? Mchungaji akanishika bega akasema nina karama ya ufunuo.

Ningesema pale pale. Sikusema. Jumatano iliyofuata walinitazama wakisubiri, na yale macho nikayapenda. Tangu siku hiyo sisikilizi ukuta kwa udadisi. Nasikiliza ili niwe na cha kuomba. Mchungaji ameandaa mkutano mkubwa wa maombi mwezi ujao, na jina langu limebandikwa hadi kwenye mlango wa kinyozi.

Hilo si baya zaidi. Kuna fundi cherehani, msichana wa rika langu, duka lake liko nyuma ya kituo cha mafuta, lina mlango wa bluu. Ataolewa mwezi wa saba na mpiga picha. Ana kifafa tangu utotoni, na mchumba wake hajui. Dawa zinamtuliza kabisa mradi azimeze kila siku. Haya aliyasema kwa mshauri, akilia kwamba anaogopa kusema nyumbani kwa mchumba. Jumatano akaja kanisani, akakaa mstari wa pili. Nikaomba: "Yuko dada anayeficha ugonjwa wa kuanguka. Bwana amekuona." Kanisa likawa kimya kabisa. Nikaongeza: "Amekuondolea leo. Usiogope tena."

Shangazi, yale maneno "amekuondolea leo" hayakutoka ukutani. Hayakutoka mbinguni pia. Niliyaongeza mwenyewe kwa sababu kimya kilizidi na nilitaka kusikia amina.

Siku yake ya kuchukua dawa ilifika, hakuja. Jana nilikutana naye njiani, uso unang'aa. Akaniambia, "Mtumishi, nimezitupa zote chooni. Sina haja nazo tena." Anashona kwa mashine ya umeme, anapikia jiko la mkaa, anavuka barabara kuu mara mbili kwa siku. Anaweza kuanguka saa yoyote. Na mimi nilimjibu nini? Nilisema, "Bwana asifiwe." Ndivyo nilivyomjibu.

Nikimwambia ukweli, atajua nilitega sikio. Kazi itakwenda, kanisa litakwenda. Nimeanza kufunga na kuomba nipate ujasiri. Nitafunga hadi Jumapili, kisha nitaona.

Mwanao

---

6 Aprili

Wewe,

Salamu utazidai siku nyingine. Barua yako imefika sasa hivi, naandika nimesimama jikoni, na hii nampa dereva wa basi mkononi ili iwe kwako leo.

Ukiisoma, kula. Mfungo wako umekwisha. Hukuwa unafunga upate ujasiri, ulikuwa unanunua siku. Nenda kwa huyo binti leo, hata kama miguu inatetemeka. Mungu hajakuomba uache kuogopa. Amekuomba uende, na woga wako unaweza kwenda nawe, una miguu yake.

Usiende peke yako. Anza kwa Muuguzi Mkuu. Mwambie yote, kwa sababu dawa zile mtu hazirudii kwa kubahatisha, na yeye ndiye anayejua. Kisha nendeni pamoja. Ukifika usimwambie kwamba Mungu amekutuma. Jina hilo ulilitumia vibaya mbele yake, liache lipumzike. Sema ulichofanya, kwa maneno mafupi, halafu nyamaza.

Sasa na mimi. Nimechukua mkasi nikakata kile kipande chenye mlango wa bluu, mpiga picha na mengine, nikakitia kwenye moto. Sikupaswa kuyajua. Umeapa kwamba humwambii mtu, na mimi ni nani, kabati? Lakini nilikuuliza mwenyewe habari za fundi viatu, tena nikangoja jibu kwa hamu. Miezi miwili nimekuwa nikitega sikio kwenye ukuta wako kutoka huku. Nimetubu. Usiniandikie tena habari za mgonjwa yeyote, hata nikiuliza, hata nikibembeleza.

Vaa viatu.

Shangazi yako

---

21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za siku ile nimekuja kuzidai, lakini kwanza nikupe zetu: Baba anatumia fimbo hadi barabarani, anasema inamfanya aonekane mtu mwenye mashamba. Mama hajambo. Mdogo wangu ameshindwa mtihani wa jiografia, na nyumba imepata amani.

Dereva aliniletea barua yako saa nane mchana. Nilikula mkate nimesimama, nikaenda kwa Muuguzi Mkuu. Alikuwa anakunywa chai. Kazini wananiita Kimya, kwa hiyo hata yeye huniita hivyo.

"Sema, Kimya."

"Mama, nimekuwa nikisikiliza watu kwenye chumba cha ushauri. Kuna tundu la waya."

Aliweka kikombe chini. "Kwa bahati mbaya?"

"Kwa kusogeza kiti."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi nilikuwa nawaambia wenzangu kijana huyu amechoka, apewe likizo!" Alisimama. "Endelea. Uso wako unasema bado kuna mengine."

Nilimweleza yaliyobaki. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua kabati la dawa, akahesabu, akafunga pakiti, akasema, "Mbele yangu. Tembea."

Nitakuandikia yaliyonihusu mimi tu. Fundi cherehani aliponiona mlangoni alicheka. "Mtumishi! Umeniletea neno au suruali?"

Nikasema, "Nimeleta kosa langu." Nikamwambia kwamba siku ile kanisani sikuonyeshwa kitu na Mungu. Nilimsikia kupitia ukutani, na neno la kuponywa nililitunga mwenyewe.

Alizima mashine. Akaweka kitambaa chini. Kisha akasema, polepole, "Kwa hiyo si Mungu aliyeniona. Ni wewe."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilijiandaa kwa matusi.

"Nilipiga magoti hapa hapa juu ya vipande vya kitambaa," akasema, "nikamshukuru kwa sababu alijua bila kuambiwa na mtu. Maisha yangu yote hakuna aliyejua bila kuambiwa."

Nikasema, "Alikuona kabla yangu. Mimi nilijiingiza katikati."

"Usinihubirie, wewe!"

Nikanyamaza, kama ulivyoniagiza. Muuguzi Mkuu akaanza kumweleza namna ya kurudia dawa. Fundi akasema, "Tokeni." Muuguzi Mkuu akajibu, "Sisi tunatoka, mwanangu. Hizi zinabaki." Akaweka pakiti juu ya mashine, tukaondoka. Kama alizimeza au hakuzimeza, sijui. Na safari hii sijasogeza kiti ili nijue.

Kwa Mchungaji nilikwenda jioni. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Kijana, watu wametubu kwa ajili ya yale maombi. Ndoa mbili zimepona. Ukiwaambia hivi utawabomoa. Acha tu, pumzika kidogo, nitasema unaumwa." Shangazi, hapo ndipo nilipojaribiwa kuliko siku zote. Mlango ulikuwa wazi kabisa, tena umefunguliwa na mchungaji. Nilikuwa nimekwisha kusema "asante". Lakini nikakumbuka kwamba Jumatano mtu mwingine anaweza kuwa amekaa mstari wa pili na dawa zake ziko chooni. Nikasema, "Mchungaji, nikinyamaza, nitarudi ukutani. Najijua."

Jumatano nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, sina karama ya ufunuo."

"Amina!" wakaitika.

"Nasema kweli. Mimi si mtumishi, ni mdanganyifu."

"Bwana asifiwe!" Mzee mmoja wa kanisa akamgeukia mwenzake na kusema kwa sauti, "Mnaona unyenyekevu? Hata kujishusha kwake kuna upako."

Kadiri nilivyojishtaki ndivyo walivyonipenda. Nilitaka kucheka, nikatamani kulia. Mwisho nikasema, "Kwenye zahanati, chini ya dirisha la mapokezi, kuna tundu la waya. Kiti changu kiko pale. Yote niliyowaombea niliyasikia kwa sikio hili." Nikalishika.

Hapo hapakuwa na amina. Kiti kimoja kikakwaruza sakafu, kisha kingine. Yule mama wa neno alilomwambia mwanawe alipita mbele yangu bila kunitazama. Mzee wa kanisa aliyesifu unyenyekevu wangu alinitazama tangu viatuni hadi kichwani. "Kumbe wewe ni redio," akasema, akavaa kofia.

Nilipotoka nilipumua hadi tumboni. Sijapumua hivyo tangu mwaka jana.

Kazini nimepewa onyo la maandishi na kuhamishiwa stoo ya mashuka. Fundi seremala ameziba tundu. Sijui kama watanifukuza. Naogopa, lakini naogopa kitu kimoja tu sasa, na zamani vilikuwa vingi.

Mwanao

---

9 Mei

Mwana wa kaka yangu, baba yangu,

Marahaba. Salamu zako hizi hapa, zote pamoja na riba: hatujambo, paa limezibwa, miwani ya Mzee imekaliwa na mwenyewe. Amerudi kutokuona vumbi na nyumba yetu ni safi tena.

Nilisoma barua yako mara tatu. Sitakusifu, maana sifa ndizo zilizokuponza. Nitasema tu kwamba usiku ule nililala vizuri.

Sasa usidhani imekwisha. Tundu limezibwa, sikio bado lipo, nalo lina njaa. Utasikia watu wanazungumza nyuma ya mlango wa stoo, utasikia kwenye foleni, na utapunguza mwendo kabla hujajua. Sikiliza, nimegundua dawa. Kila unapojikuta unatega sikio, piga hodi. Usiondoke kimya kimya, maana ukiondoka kimya utarudi kimya. Sema "Hodi!" kwa sauti, hata pasipo mlango, ili watu wajue upo. Mwizi hapigi hodi.

Nimeijaribu mwenyewe. Unajua miaka mingapi nimesimama gizani nje ya bweni kusikiliza wasichana, nikisema ni kwa usalama wao? Usalama gani! Nilitaka kujua nani anampenda nani. Sasa nagonga na kusema, "Hodi, mlezi wenu yuko hapa." Mara ya kwanza walinyamaza wote, kisha mmoja akanong'ona, "Jamani, anaumwa?" Kila asubuhi namwomba Bwana anitosheleze na mambo yangu, na mambo yangu yanatosha kabisa, tena yanabaki.

Omba asubuhi kabla hujavaa viatu. Nenda kanisani hata wakikukalia mbali. Kila Ijumaa mwambie Muuguzi Mkuu jinsi juma lilivyokwenda, bila kupamba. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, haina tarumbeta.

Na bado kuna kitu kimoja hujafanya, nami nilingoja nione kama utakitaja. Yule binti anadhani anayejua siri yake kwa kosa lako ni wewe peke yako. Hajui kwamba mimi najua. Nina deni kwake na sijawahi kumwona. Mwambie.

Nina swali lingine kubwa linanikereketa kooni, unalijua. Sitauliza.

Shangazi yako

---

30 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usihesabu majuma, najua ni mengi. Nilikuwa nangoja ruhusa ya kuandika, na utaona kwa nini.

Nyumbani kwema. Baba amekwenda kwa daktari wa mifupa bila kuburutwa. Mama alishangaa hadi akasahau kwenda naye. Mdogo wangu anarudia jiografia na ananiuliza mimi mito inakoelekea.

Hawakunifukuza. Niko stoo ya mashuka, nahesabu yanayokwenda kufuliwa na yanayorudi. Mashine za kufulia zinanguruma kutwa, ni mahali pazuri kwa mtu kama mimi. Lakini ulisema kweli, sikio lina njaa. Juma la pili wafuaji wawili walisimama nyuma ya rundo la mashuka wakitaja jina langu. Nilijikunja kama kijana wa shule, nikasikiliza. Nilisikiliza muda wa kutosha kujua kwamba mmoja ananiona mnafiki na mwingine ananihurumia. Halafu nikakumbuka, nikainuka, nikapaza sauti: "Hodi!" Walipiga yowe, beseni likamwagika. Ijumaa nilimweleza Muuguzi Mkuu, pamoja na kule kujikunja. Akaniuliza, "Uliinuka mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi futa maji, endelea na kazi."

Tangu siku hiyo napiga hodi kila mahali. Kwenye foleni, uani, hata kwa watu wawili waliokuwa wakigombania simu ya mezani ya posta. Jina la Kimya limekufa. Sasa naitwa Bwana Hodi, na watoto wa mtaa wananipigia hodi nikipita. Mwanzoni nilihesabu kila siku kama ushindi. Siku hizi kuna siku nagundua jioni tu kwamba sikutamani kusikia kitu cha mtu. Bwana anafanya kazi, Shangazi. Taratibu, lakini hakosi zamu.

Kanisani nakaa nyuma. Mkutano mkubwa ulifanyika bila mimi. Mchungaji alinijia mwezi uliopita, akakaa karibu nami na kusema, "Hata mimi nilipenda viti vikijaa." Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Jumatano iliyopita nilipewa zamu ya kuomba, kwa mara ya kwanza. Nilisema, "Bwana, hapa kuna watu, na mimi sijui mambo yao. Wewe unajua. Warehemu." Nikakaa. Hakuna aliyelia. Yule mama wa neno kwa mwanawe alisema amina, moja, ndogo. Nimeitunza.

Sasa lile uliloniagiza. Nilikwenda kwa fundi mwezi wa sita, nikasimama nje, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi. Siingii. Kuna mtu mwingine anayejua. Nilimwandikia shangazi yangu."

Mkasi ukasimama. "Wewe mdomo wako hauna kifungo?"

"Haukuwa nacho."

"Huyo shangazi yuko wapi?"

"Mbali. Ukurasa wenye mambo yako aliukata akauchoma. Ndiye aliyenituma nikuambie, anasema ana deni kwako."

Mkasi ukaendelea kukata. Nikaondoka. Juzi ndipo alipokuja stoo, akasimama dirishani mbele ya wafuaji wote na mfuko wa nguo begani. "Bwana Hodi," akasema, "chukua kalamu." Nikachukua. "Mwandikie shangazi yako hivi, na usiongeze neno: Nakunywa dawa zangu kila siku. Sijaanguka. Aliyepaswa kujua nimemwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mengine akitaka, aje nimshonee gauni aniulize usoni."

Nikamsomea nilivyoandika. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akatikisa kichwa kukubali, akanyanyua mfuko wake.

"Na wewe," akaniambia, "bado sijakusamehe. Naliombea hilo. Ukiniona kanisani usinisalimie kwanza, nitakusalimia mimi siku nikiwa tayari."

Nikasema, "Naam."

Basi, nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Yangu juu yake sina.

Nimehama kile chumba cha nyuma ya zahanati nilichokuwa nalala. Usiandike tena kwa anwani ya zahanati. Andika kwa sanduku la kanisa, uweke "Karani wa stoo" kwenye bahasha, Mchungaji atanipa. Ukiwa na haraka, piga simu ya mwenye nyumba wangu, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Piga baada ya saa kumi na mbili jioni. Anza kwa kumsalimia yeye, anapenda kuulizwa habari za kuku wake. Simu iko sebuleni, na kwa kuwa mzee hasikii vizuri ameifungua sauti hadi mwisho, kwa hiyo utakachosema kitasikiwa na yeye, mkewe, wapangaji wanne na yeyote anayepita dirishani. Usinong'one. Uliza chochote kunihusu, nitajibu.

Mwanao, Bwana Hodi